Joka, Nyoka na Mpagazi: Hekaya za Ajabu katika Njia ya Tabora

Kiswahili hakikuona haja ya kuazima neno la kumtaja mnyama yule ambaye Wazungu humchora na mabawa, magamba na moto kinywani. Sisi twalichukua neno nyoka, twalitoa katika ngeli yake, twalitia katika ngeli ya ukubwa, na hapo twapata joka. Jambo hili la sarufi ni dogo, lakini lina funzo kwa mtu anayetafuta habari za kale. Joka ni nyoka aliyekuzwa. Basi kila tunapokutana na joka katika hekaya yatupasa kuuliza: nyoka wake alikuwa nani, alikaa wapi, na ni nani aliyemkuza?

Swali hili si la mchezo. Riwaya za majoka na za mapenzi yanayovuka mpaka wa ubinadamu zinasomwa kwa wingi duniani leo. Mwaka 2023 Mmarekani Rebecca Yarros alitoa kitabu chake Fourth Wing, kisa cha mapenzi ya vijana wanaofundishwa kupanda majoka vitani, kikanunuliwa na wasomaji mamilioni. Vijana wetu wanaosoma Kiingereza nao hupeana vitabu vya namna hiyo. Aghalabu husemwa kwamba fasihi hii ni ya ugeni mtupu, haina mizizi kwetu. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba njia ya misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji, na hasa mji wa Tabora, ilikuwa na hekaya zake za ajabu zenye hekima kubwa. Na kwamba njia hiyo hiyo iliwapa waandishi wa kigeni mali ghafi ya riwaya zao. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo shabaha yangu.

Kwanza yafaa kuikumbuka njia yenyewe. Ilianza pwani, zaidi Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapita Ugogo, kisha ikalikata pori lililoitwa Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyanyembe. Hapo palikuwa na Tabora, ambayo wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliijua kwa jina la Kazeh. Richard Burton na John Speke walifika huko tarehe 7 Novemba 1857, wakakaribishwa na mfanya biashara Mwarabu Snay bin Amir. Kutoka Tabora njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida frasila mbili, yaani kama kilo 32, na mwendo wa kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa wa miezi mitatu hivi, na mara nyingi ulizidi. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi. Hawakuwa watumwa, kama wengi wanavyodhani, bali watu wa ijara, waliojua thamani ya kazi yao na waliokuwa tayari kuitua mizigo chini kama posho ilipunguzwa.

Hata jina la Mgunda Mkali lina joka ndani yake. Mgunda ni shamba katika Kinyamwezi, na Burton alilieleza jina hilo kuwa shamba la moto. Mtu akilisikia kwa mbali aweza kufikiri kwamba humo mlikaa mnyama atemaye ndimi za moto. Ukali wa pori lile ulikuwa wa jua, uchache wa visima na umbali wa vijiji. Kiu ndiyo nyoka. Joka ni jina. Mpagazi aliyelivuka alijua yote mawili, na hakuyachanganya.

Jioni msafara ulipotua, watu wa pwani na watu wa bara walikaa karibu na moto mmoja, na kila mmoja alikuwa na hadithi za kwao. Kwamba hadithi zilisimuliwa twajua kwa yakini, kwa maana Henry Stanley aliwasikiliza watu wake kambini, na mwaka 1893 akachapisha mkusanyo wa hadithi hizo. Miongoni mwao imo ya mbuzi, simba na nyoka. Tuangalie, basi, hadithi tatu za majoka ambazo mtu wa njia ile angeweza kuzisikia kutoka pande zake mbili.

Mbili za kwanza ni za pwani, nazo ziliandikwa Unguja na Edward Steere katika kitabu chake cha mwaka 1870. Moja ni kisa cha Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Nunda hakuzaliwa zimwi. Alikuwa paka wa sultani. Alianza kwa kula kuku; watu wakashitaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Akaendelea kwa wanyama wakubwa, jibu likawa lile lile. Akafika kwa watu, na sultani hakubadili neno, mpaka paka alipowala wana wake mwenyewe. Hapo tena hakuwa paka. Alikuwa Nunda, na ilibidi kitinda mimba wa sultani aende porini kumtafuta na kumwua. Ni hadithi ya watoto, lakini mtu mzima aliyeishi chini ya mtawala yeyote hawezi kuisikia bila kuinua kichwa. Yatufundisha jinsi joka linavyokuzwa: hukuzwa na yule ambaye angeweza kulizuia likiwa dogo.

Kisa cha pili ni cha Hasibu Karimu Dini na Sultani wa Nyoka. Asili yake ni Alfu Lela Ulela. Kijana mkata kuni aachwa na wenzake ndani ya shimo la asali, apata njia chini ya ardhi, afika katika nchi ya nyoka. Mfalme wao ampokea kama mgeni, amlisha, amsimulia habari, kisha amrudisha kwao kwa ahadi moja: asioge mbele za watu, kwa kuwa mwili wake utaonyesha alama ya mahali alipokuwa. Kijana ashindwa kuitimiza. Alama yaonekana, waziri amlazimisha kulionyesha shimo, na Sultani wa Nyoka achukuliwa ili auawe, nyama yake iwe dawa ya mfalme mgonjwa. Hata katika hali hiyo nyoka amhurumia kijana na amfundisha hila ya kumwepusha na mauti, na waziri mwovu ndiye afaye.

Katika Kiarabu mtawala wa nyoka ni malkia mwenye uso wa mwanamke, na ndani ya kisa chake kimefungwa kisa kingine, cha Janshah aliyempenda Shamsa, binti wa mfalme wa majini, aliyekuja kuoga akiwa katika umbo la njiwa. Hapo twayaona mapenzi ya binadamu na kiumbe wa ajabu yakiwa yamekamilika, karne nyingi kabla ya vitabu vya leo. Katika Kiswahili cha Steere malkia amekuwa sultani, na kiini cha kisa kimehama kutoka katika uzuri kwenda katika ahadi. Msimulizi wa Unguja hamwulizi Hasibu kama alimpenda mwenyeji wake. Amwuliza kama alikuwa mwaminifu kwake. Kwa watu walioishi kwa mikopo, amana na maneno ya mdomo kati ya pwani na Tabora, hilo ndilo lilikuwa swali zito.

Hadithi ya tatu ni ya bara, nayo yasimuliwa na Wasukuma, jirani za Wanyamwezi na watu wa lugha iliyo karibu sana na yao. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote ya dunia. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, maana yake mwenye akili anayefahamu upesi. Mtoto alipokua akauliza, Mama, watu wengine wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kulitafuta zimwi. Kila alipomwua mnyama mdogo alidhani amelipata, na mama yake akamwambia siye. Mwisho akaliua Shing'weng'we lenyewe, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Nataka msomaji aukumbuke mwisho huo. Kwa watu wa bara ushujaa haukamiliki zimwi linapokufa. Hukamilika tumbo linapopasuliwa na waliomezwa kurudi makwao.

Sasa tugeuke kuwatazama wageni. Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 katika safari yake ya kumtafuta David Livingstone, akakaa Kwihara, karibu na Tabora, mpaka Septemba. Katika miezi hiyo aliingia pamoja na Waarabu katika vita vyao na Mtemi Mirambo, wakashindwa vibaya. Siku moja ya Septemba Mwarabu mmoja alimzawadia mtoto mtumwa. Mtoto huyo aliitwa Ndugu Mali, jina ambalo Stanley alilieleza kuwa mali ya ndugu yangu. Stanley hakulipenda, akawaita wakubwa wa msafara wamtafutie jina jingine. Mmoja akataja Simba, mwingine akathubutu kutaja Mirambo, watu wakacheka. Ndipo askari aliyeitwa Ulimengo, akiutazama wepesi wa mtoto, akasema aitwe Kalulu, kwa kuwa alikuwa mwepesi kama mtoto wa paa.

Kalulu alichukuliwa Ulaya na Marekani, akatiwa shule Uingereza. Mwaka 1873 Stanley akatoa riwaya kwa ajili ya wavulana wa Kiingereza, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kalulu Wangu: Mwana wa Mfalme, Mfalme na Mtumwa. Mtoto wa Kwihara amekuwa humo mwana wa ukoo wa kifalme katika kabila la kivita la Watuta, na amechanjiana damu na Selim, kijana wa Kiarabu kutoka Unguja. Yamo mapigano, mateka, wanyama wakali na urafiki usiovunjika, yaani viungo vyote ambavyo riwaya za ajabu zingevitumia baadaye.

Sina haja ya kuilaumu sanaa ya kitabu hicho. Nataka tulinganishe tu. Katika riwaya Kalulu aanza akiwa mwana wa mfalme, na utumwa wamjia kama msiba wa kitambo utakaoondolewa na ujasiri. Katika maisha, sisi tulianza kumjua akiwa mtumwa mwenye jina la mali, akapewa mtu kama zawadi, akapewa jina jipya kwa kura ya wanaume waliokuwa wakicheka. Nyoka wa habari hii ni biashara ya watoto katika soko la Tabora. Stanley alilijua jambo hilo vyema kuliko wasomaji wake, akalikuza kwa upande wa fahari hata sura yake ya kwanza isionekane. Mwaka 1874 Kalulu alisafiri tena naye kutoka Unguja. Tarehe 28 Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maji ya mto Kongo, ukaingia katika maporomoko, akafa yeye na wenzake. Stanley akayaita maporomoko yale kwa jina lake. Hivyo mtoto aliyezaliwa na jina lake la kwetu amebaki katika vitabu vya dunia kwa jina la riwaya na la maporomoko.

Miaka kumi na mitatu baada ya kitabu hicho alitokea mwandishi mwenye kipawa kikubwa zaidi katika kazi ya ajabu. H. Rider Haggard alikuwa ameishi Afrika ya Kusini, lakini hakuwa amefika huku kwetu alipoandika She. Riwaya hiyo ilitolewa kwa sehemu katika gazeti la The Graphic la London tangu Oktoba 1886 hadi Januari 1887. Waingereza wavunjikiwa na chombo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wapanda mto, wafika katika mapango yanayotawaliwa na Ayesha, mwanamke mweupe aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili akimngoja mpenzi wake azaliwe tena. Wenyeji wa nchi ile wasema namna ya Kiarabu. Riwaya nyingi za baadaye za mapenzi na mambo yasiyo ya kawaida zina deni kwa kitabu hiki. Wasomaji wa Kiswahili nao walimjua Haggard mapema, kwa kuwa kitabu chake kingine kilifasiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Tarehe zina neno la kutuambia. Wakati wasomaji wa London walipokuwa wakimngoja Ayesha wiki kwa wiki, mnamo Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilipatana kuigawanya bara ya Afrika ya Mashariki. Sisemi kwamba riwaya ilileta mkataba. Nasema vyote viwili viliitazama bara kwa jicho moja: nchi yenye mapango, siri na malkia wa kubuniwa, lakini isiyo na watawala ambao mtu angelazimika kuwauliza. Miaka ile ile Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake, Isike, mwenye ngome, bunduki na ushuru wake. Alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893. Ngome yake ilipoingiwa, aliwasha baruti ili asikamatwe akiwa hai. Hakuna riwaya ya Ulaya iliyomhitaji mtu huyo, wala mapango ya Ayesha hayakuwa na nafasi kwake.

Mfano wa mwisho waturudisha kwa nyoka mwenyewe. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka. Waliwakamata nyoka kwa mikono, walijua sumu zao, walitibu walioumwa, na katika ngoma walicheza na chatu mbele ya watu. Mwanachama aliingia kwa mafunzo na kwa dawa. Mwaka 1926 ulifika Tanganyika msafara wa Wamarekani, ukiongozwa na William Mann kwa fedha za Walter Chrysler, kukusanya wanyama wa bustani ya Washington. Mmoja wao, F. G. Carnochan, alivutwa na mafundi wa nyoka wa Unyamwezi, na mwaka 1935, pamoja na H. C. Adamson, akatoa kitabu kilichoitwa Dola ya Nyoka kwa maana ya Kiswahili. Miaka 11 baadaye, mwaka 1946, Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika makala juu ya chama hicho hicho kama kilivyokuwa Usukumani. Wa kwanza alikiita dola. Wa pili alikiita chama, akaeleza daraja zake, mafunzo yake na dawa zake. Mkulima aliyeumwa na swila shambani hakuhitaji dola. Alimhitaji jirani aliyejua mzizi wa kuchimba, na jirani huyo ndiye aliyekuwa Myeye.

Mtu aweza kuniuliza: je, wenyeji na watu wa pwani wenyewe waliiandikaje njia hii? Jibu lipo. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maneno yake yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Selemani bin Mwenye Chande naye aliandika habari za safari yake ya bara, zikatolewa na Carl Velten mwaka 1901. Ukitafuta majoka humo hutayapata. Utakuta frasila za pembe, mikopo, hongo, njaa, vita na majina ya watu. Maneno yao nayo yahitaji kupimwa, maana Tippu Tip hakuwa shahidi asiye na lawama; alikuwa mmoja wa waliomeza. Lakini kitabuni mwake mtemi ana jina, bei ina hesabu, na mtu aweza kumshitaki kwa maneno yake mwenyewe.

Tusitoe hukumu ya haraka kwamba hekaya za ajabu hazifai na habari kavu pekee ndizo zifaazo. Shaaban Robert alitumia nchi ya kubuni katika Kusadikika mwaka 1951, na majini katika Adili na Nduguze mwaka 1952, na hakuna aliyeweza kusema kwamba alikimbia kweli. Msimulizi wa Nunda alisema juu ya watawala jambo ambalo asingethubutu kulisema barazani. Kukuza si kosa. Kosa huanza pale joka linapokuwa kubwa hata hatumjui tena nyoka, na mtu halisi aliyekuwa chini yake akabaki tumboni.

Ikiwa kijana wa Tabora leo ataandika riwaya ya majoka, sitamkataza. Nitamngojea kwa hamu. Anayo Mgunda Mkali, anao Wayeye, anao Sultani wa Nyoka aliyesalitiwa na mgeni wake. Nitamwomba jambo moja tu, kwamba alipasue tumbo la kisa chake kabla ya kukifunga, na Ndugu Mali atoke.

Wala asidhani kazi hiyo haina hatari. Wasukuma husimulia kwamba Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote walishangilia uhuru wao. Yule bibi alikasirika, akataka kumdhuru. Shujaa hakumwambia anyamaze kwa kuwa ameokolewa. Alitafuta dawa, akamponya sikio lake. Sisi tunaoyafunua ya kale ili waliomezwa watoke, tutawakata baadhi yao: tutakosea jina la huyu, tutasahau ukoo wa yule. Wakija kulalamika, tuwasikilize.